Jinsi ya Kumrekebisha Ndugu katika Imani Bila Kumvunja Moyo: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayorudi ni yale yale. Mtu ameona kosa kwa mwenzake kanisani, limemuuma kweli, amekwenda kumwonya, na mwisho wake yule mwenzake amehama kanisa, au anashinda nyumbani Jumapili, au wawili hao wanapishana soko la Kirumba, Mwanza, kama watu wasiojuana. Ukimuuliza aliyeonya, anakujibu: "Mimi nilimwambia ukweli tu."

Ukweli aliusema, hilo halina ubishi. Kilichokosekana ni kazi ya kabla ya kufungua mdomo, na kazi nyingine, ndefu zaidi, ya baada ya kuufunga. Mwongozo huu unafuata kazi hizo mbili. Kipimo ni kile cha Wagalatia 6:1, kwamba aliyeghafilika katika kosa arejezwe kwa roho ya upole. Akikiri kosa lakini asirudi mahali pake, bado hujamaliza.

Ili tusizungumze hewani, tutamtumia kijana mmoja wa kutunga. Ni mvuvi wa dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, anaimba besi kwenye kwaya. Nyavu zake ziliibwa. Sasa inasemekana amekwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvulia, na kwenye mtumbwi wake kuna hirizi.

Onyo kabla ya yote. Mwongozo huu haufai kwa kipigo, ubakaji wala mtoto anayedhulumiwa. Hayo hayazungumzwi kimya kimya baina ya ndugu wawili. Yapeleke polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Kwa habari za mtoto, simu 116 ipo. Anayekunukulia Mathayo 18 ili ufiche jinai ameisoma vibaya.

## Unachohitaji

- Ulichokiona au kukisikia mwenyewe, kimeandikwa kwa mistari miwili au mitatu: nini, lini, wapi. Usipoweza kuandika, bado huna la kusema.
- Biblia yake, siyo yako. Utamwomba afungue yeye. Mtu akisoma kwa macho yake, kwenye kurasa alizozoea, hahisi kwamba amepigwa na kitabu.
- Saa moja isiyo na haraka. Kama una kikao saa kumi, nenda siku nyingine.
- Mtu mmoja wa kukushauri anayejua kutunza siri, kwa mfano mchungaji, katekista au mzee wa kanisa. Wakiwa wawili, habari inaanza kutembea.
- Akiba ya siku za mbele. Utarudi kwake si mara moja. Kama huna nafasi hiyo, mwachie kazi hii mtu mwenye nayo.

Kitu kimoja hukihitaji kabisa, nacho ni simu yenye kundi la kwaya la WhatsApp.

## Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni kosa

Chukua ile karatasi yako uisome kama hakimu asiyekupenda. "Inasemekana ana hirizi" ni uvumi. "Jumanne asubuhi nilimsaidia kuvuta mtumbwi, nikaona kifuko cheusi kimefungwa kwa uzi mwekundu chini ya ubao wa kukalia" ni jambo lililoonekana. Na hata hapo hujui ni nini. Umeona kifuko tu.

Kisha jiulize ni kosa la aina gani. Kuna dhambi iliyo wazi, kama wizi wa sadaka, uzinzi au kutumainia mganga. Kuna mafundisho yaliyopinda, mtu anafundisha kitu ambacho Maandiko hayasemi. Na kuna lile fungu kubwa linalotuchosha wote, yaani mambo ya desturi na ladha. Daladala moja ya Igoma kwenda mjini inaweza kumbeba Mkatoliki, Msabato, Mlutheri, mtu wa AIC na Mpentekoste, na kila mmoja ana utaratibu wake wa siku ya ibada, mavazi, nywele na namna ya kuomba. Dada aliyesuka rasta kwenye kanisa lisilokataza rasta hajakukosea kitu. Soma Warumi 14 umwache aendelee na safari yake.

Maonyo mengi ninayoyasikia yako kwenye fungu hili la tatu, na watu wanayapeleka kwa uzito wa fungu la kwanza. Ndiyo maana dhambi yenyewe ikija, hakuna anayewasikiliza tena.

Utajua imefaulu: una sentensi moja inayotaja tendo. "Wewe ni mshirikina" inataja mtu, na hiyo haifai.

## Hatua ya 2: Jikague

Hatua hii ni fupi, na ndiyo inayorukwa. Habari ya boriti na kibanzi iko Mathayo 7:3-5 na unaijua kwa moyo. Nitakupa swali moja tu la kuongezea: ukifika ukakuta hana hatia, utafurahi au utasikitika?

Kama ndani yako kuna kasikitiko kadogo, subiri. Pengine mna deni la zamani, pengine alichaguliwa kuwa mwalimu wa kwaya na wewe ukaachwa. Maliza hilo kwanza kwa jina lake, au mpe mwingine aende.

## Hatua ya 3: Tafuta chanzo

Hapa kaa muda mrefu. Paulo akiwaandikia Wathesalonike (1 Wathesalonike 5:14) haagizi dawa moja kwa watu wote. Wasiokaa kwa utaratibu waonywe, wenye moyo dhaifu watiwe moyo, wanyonge washikwe mkono, na wote wavumiliwe. Ukimkemea aliyekata tamaa umemmalizia. Ukimbembeleza mkaidi umempa nafasi.

Kijana wetu yuko wapi? Ukiangalia kwa nje ni mtu aliyeasi. Sogea karibu. Nyavu ziliibwa, na alizinunua kwa hela ya mkopo. Kila usiku anaporudi mtupu, mafuta na taa vimekula fedha, na watu aliokwenda nao ziwani wanataka chao. Mwenzake wa mtumbwi wa jirani amemwambia kwamba anayevuna dagaa pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, "amejitengeneza," yaani ana dawa. Kijana wetu anaogopa. Hirizi ni dalili, na ugonjwa ni hofu pamoja na deni. Ukiing'oa hirizi ukaacha hofu pale pale, kesho atatafuta nyingine na kuificha vizuri zaidi.

Chanzo hakifuti kosa, ila kinakuonyesha pa kuanzia na kitu cha kubeba mkononi unapokwenda.

Tahadhari: kutafuta chanzo si kupeleleza. Usiwaulize majirani, usimhoji mkewe. Mengi utayajua kwa kumjulia hali tu kwa wiki mbili tatu, jambo ulilopaswa kulifanya siku zote.

## Hatua ya 4: Chagua saa na mahali

Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku kwa taa. Asubuhi anapotia nanga hajalala, ana njaa, na anapiga hesabu ya hasara. Hiyo siyo saa ya kumwambia mtu kitu. Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkali taa hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi mingi inapumzika na watu wanashona nyavu kivulini. Hapo ndipo pake. Mikono ina kazi, macho hayalazimiki kugongana, na mazungumzo yanaweza kukatika kidogo bila mtu kuona aibu.

Kwa mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, usifike wateja wakiwa wamejaa wala wakati anaanua kwa sababu ya wingu. Kwa mtumishi wa ofisini, usimvamie saa ya chakula mbele ya wenzake.

Kama mnatofautiana jinsia na si ndugu wa damu, kaeni mahali pa wazi ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Mara nyingi ni bora zaidi kumwomba mama mtu mzima amwendee dada, na baba amwendee kaka.

Mahali pasipofaa: kijiweni, nyumbani kwake mbele ya watoto, mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, na kwenye maombi. La mwisho nalisisitiza, kwa sababu tunalo sana. Mnashikana mikono, mtu anaanza: "Bwana, unamjua ndugu yetu mmoja anayeimba besi..." Hapo Mungu haambiwi kitu, wanaoambiwa ni waliofumba macho. Mahubiri yaliyolengwa mtu mmoja nayo ni hivyo hivyo. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu.

## Hatua ya 5: Mazungumzo yenyewe

Anza na salamu kamili. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo inatangulia na heshima inaendelea hadi mwisho. 1 Timotheo 5:1 inakataa kumkemea mzee, unamwomba kama baba yako. Kwa mzee mkali ni busara kumpitia mtu wa rika lake.

Kisha ulize kabla ya kusema. Yanaweza kwenda hivi, mzee wa kanisa na kijana wetu:

— Shikamoo mzee.

— Marahaba mwanangu. Habari za ziwani?

— Ziwani hakuna kitu siku hizi, mzee.

— Pole. Nimekuja na jambo, na nimekuja peke yangu. Jumanne nilipokusaidia kuvuta mtumbwi niliona kifuko chini ya ubao. Nikasema nikuulize mwenyewe kabla sijawaza mengine. Kile ni nini?

Sasa nyamaza. Huu ukimya ndio unaowashinda wengi. Wanaujaza kwa mistari minne ya Biblia, na kijana anapata nafasi ya kujificha nyuma ya maneno yako. Mwache ashone matundu mawili matatu ya wavu.

— Ni dawa, mzee. Nilipewa.

— Tangu nyavu ziibwe, ukiingia ziwani usiku unaogopa nini hasa?

— Naogopa kurudi mtupu. Nyavu zile nilikopa. Na hawa ninaovua nao nina deni kwao.

Mzee hajasema neno la kuonya bado, na tayari kazi kubwa imefanyika. Sasa aseme, kwa sentensi fupi, bila kuzunguka:

— Mwanangu, deni nimelisikia, na tutalizungumza leo leo. Lakini dawa ile haiwezi kukaa pamoja na Kristo uliyebatizwa kwa jina lake. Huwezi kumtumainia yeye kanisani, na ziwani ukatumainia kifuko. Nataka ukiache.

Upole hauna maana ya kufumbafumba. Ukizunguka sana mtu ataondoka akidhani ulikuja kumsalimu. Litaje kosa mara moja, kwa jina lake, kisha usilirudie.

Maneno ya kuyaacha nyumbani: "Watu wanasema," maana atatumia mwezi mzima kuwatafuta hao watu. "Wewe siku zote," kwa sababu atakumbuka siku moja ambayo hakufanya na mtabishana juu ya hiyo. "Mungu amenionyesha kuhusu wewe," kwa sababu unamfunga mdomo. "Hata baba yako alikuwa hivi hivi." Hili la mwisho limevunja koo nzima.

Akikasirika, usipandishe sauti naye. Mithali 15:1 inasema jawabu la upole hugeuza hasira. Mwambie, "Nimekuelewa, nitakuja tena," uondoke. Hasira ya siku ya kwanza mara nyingi ni aibu tu, na aibu inapoa mtu akiwa peke yake.

Na ikionekana kwamba ulikosea, kifuko kile kilikuwa ndoano na plasta, omba radhi hapo hapo na liishe.

Utajua imefaulu: ameongea zaidi yako. Kulia si kipimo. Kuna watu wanalia kwa wepesi na kuna wanaobadilika macho makavu.

## Hatua ya 6: Mjenge

Hapa ndipo waonyaji wengi wanapofunga Biblia na kupanda bodaboda. Kosa limekubaliwa, wamemaliza. Lakini mtu aliyeondolewa alichokuwa anakitegemea yuko wazi kuliko jana. Lazima apewe kitu cha kushika, na kiwe cha siku za kazi, siyo cha Jumapili pekee.

Kwanza, hirizi. Aitoe kwa mkono wake na kwa hiari yake. Usiinyakue, na usipige picha wala video. Wale wa Efeso katika Matendo 19:19 walichoma vitabu vyao vya uganga mbele ya watu wote, ni kweli, lakini waliovileta ni wenyewe. Hakuna aliyevamia nyumba zao. Akiomba usimame naye, simama na uombe maneno machache.

Pili, Neno linalogusa hofu yake. Usimpe sura kumi. Mpe Zaburi 34:4, "Nalimtafuta Bwana akanijibu, akaniponya na hofu zangu zote," aikariri. Wiki inayofuata mpe Marko 4:35-41, dhoruba ziwani usiku. Mtu wa Igombe hahitaji kuelezwa upepo wa usiku ni nini. Halafu Zaburi 107 kuanzia mstari wa 23, watu wafanyao kazi yao katika maji mengi. Msome pamoja, yeye akisoma, wewe ukiuliza: hapa unaona nini?

Tatu, tendo la kuweka mahali pa lile la zamani. Awali alikuwa anagusa kifuko kabla ya kusukuma mtumbwi. Sasa asimame na aliokwenda nao, hata kama ni sekunde thelathini, aombe kwa sauti. Mkono uliozoea kufanya kitu saa ile usipopewa kingine, utarudi kwenye kile cha kwanza.

Nne, deni. Ulisema mtalizungumza, lizungumzeni. Wizi wa nyavu umeripotiwa polisi na kwa viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi, wa mwalo wake? Wengi hawaripoti, wanabaki kumtafuta mchawi. Anaweza kuingia kikundi cha kuweka na kukopa? Kanisa lina mtu wa kumpeleka kwa mdai kuomba awe analipa kidogo kidogo? Yakobo 2:15-16 inamkejeli anayemwambia mwenye njaa "ukaote moto na kushiba" kisha asimpe kitu. Kumwambia mwenye deni "mtumaini Bwana" ukaondoka ni kejeli ile ile.

Tano, nafasi yake. Usimtoe kwenye kwaya ili kumfunza adabu, labda kama utaratibu wa kanisa lenu unadai hivyo, na hapo mwambieni ni hadi lini. Petro alimkana Bwana mara tatu. Katika Yohana 21, kando ya ziwa, Yesu aliwasha makaa, akawapa samaki na mkate, na walipokwisha kula ndipo alipomuuliza Petro yale maswali matatu. Kila jibu lilifuatwa na kazi: lisha kondoo zangu. Chakula, swali, kazi. Ukiweza kuufuata mpangilio huo, umeshika karibu kila kitu kilicho kwenye hatua hii.

Utajua imefaulu: anaanza kukuuliza maswali ya imani ambayo hukuyaleta wewe.

## Hatua ya 7: Rudi bila ajenda

Wiki inayofuata pita kwake. Usiulize "vipi, umeacha?" Muulize habari za mtoto, za mtumbwi, za mazoezi ya kwaya. Akijua kwamba kila ukitokea unakuja kukagua, atajifunza ratiba yako na utakuwa humkuti.

Akianguka tena, usianze upya kwa ghadhabu ya mtu aliyesalitiwa. Rudi hatua ya 3. Kuna kitu cha chini hukukiona.

## Kosa likiwa la mafundisho

Hili ni tofauti kidogo. Kuna mwalimu kijana anafundisha kwamba asiyepona hana imani, na wagonjwa wa jumuiya yenu wanarudi nyumbani wakijilaumu. Hawezi kuachwa aendelee, wala hastahili kuaibishwa.

Fuata njia ya Prisila na Akila katika Matendo 18:24-28. Apolo alikuwa hodari wa kusema na mwenye bidii, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Walimsikiliza sinagogi, hawakumkatiza, wakamchukua kwao wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Mwambie kwanza kile anachofundisha vizuri, na kiwe cha kweli. Kisha fungueni maandiko ambayo hajayaweka kwenye hesabu: Trofimo aliyeachwa Mileto mgonjwa (2 Timotheo 4:20), Timotheo na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23), mwiba wa Paulo (2 Wakorintho 12:7-9). Muulize angewaambia nini hao. Mwache akae na swali.

Angalia pia jinsi habari ya Apolo inavyoisha. Alipotaka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha ili apokelewe huko. Mwalimu aliyerekebishwa apewe somo la kufundisha tena, mapema iwezekanavyo, na asahihishe mwenyewe alichosema.

## Akikataa

Mpe muda, kisha rudi na mtu mmoja au wawili, kama Mathayo 18:16 inavyoelekeza. Wachague watu anaowaheshimu yeye. Marafiki zako wa kukuunga mkono hawafai. Waje kusikiliza pande zote mbili, maana wanaweza wakaona kwamba mwenye kosa ni wewe. Wasielezwe zaidi ya ile sentensi moja ya hatua ya 1.

Akikataa na hao, jambo linakwenda kwa viongozi kwa utaratibu wa kanisa lenu, na wewe unaondoka kwenye usukani. Usiendelee kulisimulia. Salamu zisikatike, msiba wake uende, harusi yake uende, mkikutana kivuko cha Kamanga umkalishe karibu. Na akiamua kuhamia kanisa lingine akaomba barua ya utambulisho, wachungaji wawili wazungumze wao kwa wao. Simu hiyo siyo ya kupigwa na wewe.